Nyumba nzima wanasema friji langu ndilo linalomaliza LUKU

Shangazi, shikamoo.

Naishi Tabata, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wetu wawili. Tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wanne, na wote tunatumia mita moja ya LUKU. Mwenye nyumba anakaa mbali, tunamwona anapofuata kodi tu. Nakuandikia kwa sababu umeme umetugombanisha, na mimi nimebaki peke yangu.

Tulipohamia tulikuta utaratibu wa kila mpangaji kuchanga 10,000 kwa mwezi. Baadaye nikanunua friji la mtumba la milango miwili, nikaanza kutengeneza barafu za ubuyu na ukwaju. Naziuza 100 moja kwa watoto wa shule, na kwa siku zinatoka kama arobaini. Hela hiyo ndiyo ya uji na daftari za watoto, na ndiyo inanilipia hisa kwenye kikoba. Friji lilipoingia, wenzangu wakasema mchango wangu uwe 20,000. Sikubisha, niliona ni haki.

Sasa 50,000 tunazochanga hazifikishi mwisho wa mwezi. Ikifika tarehe ishirini na kitu umeme umeisha, tunachangishana tena 5,000 kila mpangaji. Kila ukikata, jicho ni kwangu. Wiki iliyopita walikaa kikao uani mimi nikiwa sokoni, nikarudi nikapewa uamuzi: kuanzia mwezi ujao nilipe 40,000, wao wabaki na 10,000 zao.

Shangazi, sikatai kulipa. Ila nikiangalia wenzangu nashindwa kuelewa. Chumba cha mbele yupo kijana anayefanya kazi mjini. Ana TV na sabufa, feni inalala imewashwa, kila asubuhi anapiga pasi, na anapikia jiko la umeme la sahani moja. Nikimwambia, ananijibu kwamba serikali yenyewe imesema watu waache mkaa. Chumba cha kati ni mume na mke wenye mtoto mchanga, wanachemsha maji ya kuoga kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, asubuhi ndoo na jioni ndoo. Uani yupo bibi mmoja mtu mzima, ana taa mbili, redio na kisimu kidogo. Yeye haongei kitu, akiambiwa atoe anatoa.

Jambo la pili. Tukinunua umeme wa 10,000 tunapata uniti 28 na pointi. Mdogo wangu yuko Chanika, ana mita yake, anaweka 10,000 hiyo hiyo anapata 77. Kijana wa mbele anasema mita yetu ni mbovu, na kuna fundi anayemfahamu anaweza kuja "kuirekebisha" kwa 50,000.

Mume wangu amechoka na maneno, anataka tuuze friji ili tukae kwa amani. Mimi sitaki. Naomba uniambie, ni kweli friji langu linakula umeme kuliko vyote? Nilipe hiyo 40,000? Au niuze tu yaishe?

Mama wa barafu, Tabata


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Usiuze friji, na usilipe 40,000. Lakini pia usiingie kwenye kikao ukidai urudi kwenye 10,000, maana hapo utakuwa unaonea wengine. Kwa hesabu niliyoipiga kutokana na ulivyonieleza, mchango wako wa haki unakaribia shilingi 21,000. Twende nayo taratibu, na uichukue karatasi hii uende nayo uani.

Nianze na hiyo mita. Si mbovu. Umeme wa 10,000 kuleta uniti 28 ndivyo inavyotakiwa kwa nyumba iliyoko kwenye kundi la T1, la wateja wa matumizi ya kawaida, ambako uniti moja ni shilingi 292 kabla ya makato. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1, inafika shilingi 356 na senti. Gawanya 10,000 kwa hiyo, unapata 28. Mdogo wako wa Chanika yuko kwenye kundi la D1, la wateja wadogo wa majumbani, ambako uniti 75 za kwanza kila mwezi ni shilingi 100 moja, na ukiweka makato hayo hayo inakuwa 122; zinazozidi hapo ni 350 kabla ya makato. Ndiyo maana anapata 77. Bei hizi zipo tangu Aprili 2016. Fungua ujumbe wa tokeni kwenye simu yako utaona kila kato limeandikwa kwenye mstari wake, pamoja na 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi.

Kwa hiyo huyo fundi wa 50,000 asikanyage hapo. Mita inayoitwa mbovu ilhali ni nzima "hurekebishwa" kwa njia moja tu, ya kuunganisha waya ili umeme usipite kwenye kipimo. Huo ni wizi, na siku wakaguzi wa TANESCO wakija hawatamtafuta fundi, watawakuta ninyi mnaoishi humo. Kuna na hatari ya moto, na hapo nyumbani kuna mtoto mchanga.

Sasa twende kwenye swali lako kubwa, nani anakula umeme. Uniti moja ni umeme wa wati 1000 uliotumika kwa saa moja. Kila kifaa kina kibandiko nyuma au chini chenye wati zake. Chukua wati, zidisha kwa saa kinazofanya kazi, gawanya kwa 1000, umepata uniti. Kinachowachanganya watu wengi ni kwamba friji ni kubwa na linanguruma usiku kucha, basi linaonekana ndilo mlaji. Kumbe kompresa yake huvuta wati mia na kitu, tena huwaka na kuzima. Vifaa vinavyokula kwa pupa ni vile vinavyozalisha joto: jiko, hita, pasi, birika. Hivyo huanzia wati 1000 kwenda juu, na kwa sababu havingurumi hakuna anayevisikia.

Friji la mtumba la milango miwili, lenye kazi ya kugandisha kama lita nne za barafu kila siku, nalikadiria uniti moja na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni 45. TV yako ukiiwasha saa sita kwa siku ni kama 9. Pasi ya sare za watoto mara moja kwa wiki ni 2. Taa na kuchaji simu weka 4. Jumla yako ni uniti 60.

Kijana wa mbele: jiko la sahani la wati 1000, likiwaka saa moja na nusu kwa siku, ni uniti moja na nusu. Ni sawasawa kabisa na friji lako. Hiyo ni 45 kwa mwezi kabla hajagusa kitu kingine. Pasi ya robo saa kila siku ya kazi ni 6 na nusu. Feni ya wati 60 kwa saa nane za usiku ni kama 14 na nusu. TV na sabufa saa nne za jioni, 12. Jumla 78.

Chumba cha kati: kupasha ndoo ya lita 20 kutoka maji ya bomba hadi yale ya uvuguvugu wa kuogea kunahitaji karibu nusu uniti, hata ungetumia hita gani, maana maji yale yale yanataka joto lile lile. Ndoo mbili kwa siku ni uniti moja, kwa mwezi 30. Weka TV, taa na kafeni ka mtoto, wanafika 42.

Bibi wa uani: taa mbili za wati 9 kwa saa tano ni chini ya uniti 3 kwa mwezi. Ukiongeza redio na simu, tumpe 5, na hapo nimemzidishia.

Taa mbili za nje zinazowaka usiku kucha ni 6 na nusu. Jumlisha zote, unapata kama 191. Mnachanga 50,000, mnaongeza 20,000, mnatoa 1,500 ya jengo, kinachobaki kinanunua uniti 192. Haya ni makadirio yangu nikiwa mbali, lakini ukiona jumla ya matumizi imekutana na mlichonunua kiasi hicho, ujue hatujapotea sana.

Sasa tazama hela. Uniti zako 60 ni shilingi 21,400. Umekuwa ukitoa 25,000 ukihesabu na ile nyongeza ya 5,000. Umezidishiwa, ila si sana. Kijana anatumia umeme wa 27,800, anatoa 15,000. Chumba cha kati wanatumia wa kama 15,000, wanatoa 15,000, hao wako sawa. Na bibi, mwanangu, anatumia umeme usiofika shilingi 1,800 na anatoa 15,000 kila mwezi.

Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa ajili yake. Wewe unalia na umezidishiwa 3,600. Yeye anamlipia kijana jiko na sabufa, na amenyamaza kwa sababu hana wa kumsemea. Nisingependa uende kwenye kikao kujitetea wewe peke yako. Nenda na hesabu ya watu wote, na ya kwanza kuisoma iwe ya bibi. Utaona hata wale waliokukalia kikao wakati haupo watakavyokosa la kusema.

Wakibisha, msibishane kwa mdomo, iacheni mita iseme. Mita nyingi za LUKU zina kataa kekundu kanakopepesa, na karibu yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti moja. Nyingi ni 1000, lakini soma ya kwenu kwanza. Jumapili moja wote mkiwepo, zimeni kila kitu nyumba nzima, mchomoe na plagi. Kwanza angalieni kama taa hiyo imetulia. Ikiendelea kupepesa na hakuna kinachowaka, kuna waya unavujisha umeme au kuna mtu amejiunganisha, na hapo itabidi mwenye nyumba alete fundi umeme mwenye leseni kabla hamjalaumiana zaidi.

Ikitulia, washeni kifaa kimoja kimoja. Kwa mita ya mipepeso 1000, hesabuni mipepeso kwa dakika 6, zidisheni kwa 10, mmepata wati. Jiko la kijana litapepesa kama mara 100. Friji lako, kompresa ikiwa inafanya kazi, 12 au 15. Taa ya bibi itapepesa mara moja, na huenda msiione. Mwite kijana ahesabu mwenyewe kwa sauti. Kwa friji usiishie hapo, kwa kuwa linawaka na kuzima. Dukani kuna vipimo vidogo vya kuchomeka kati ya soketi na plagi, vinaonyesha uniti zilizotumika. Kiache siku tatu kwenye friji, siku mojawapo iwe ya barafu nyingi, halafu wasomeeni wote namba. Ikizidi ile 45 yangu, lipa inavyosoma.

Kuhusu hoja ya kijana kwamba serikali imesema, amesema kweli nusu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi naunga mkono kwa moyo wote. Moshi wa kuni na mkaa umeua mama zetu vifua. Lakini umeme wa kupikia unategemea chombo. Maharage makavu kwenye sahani ya wati 1000 yanaweza kuchukua saa mbili, ambazo ni uniti mbili. Jiko la presha la umeme nalo limeandikwa wati 1000, ila likishajaza mvuke linajizima na kuwaka kidogo kidogo, na maharage yale yale yanaiva kwa nusu uniti au pungufu. Mshauri anunue hilo, na sahani abaki nayo kwa chai na mayai. Atashusha sana matumizi yake ya jiko bila kurudi kwenye mkaa. Wala asipige pasi nguo moja kila asubuhi. Pasi hula sana inapoanza kupata moto, heri apige za wiki nzima kwa mkupuo mmoja.

Wale wa hita uwaambie jambo moja ambalo halihusu hela. Hita ya ndoo inaua. Mtu anatumbukiza kidole kupima kama maji yamepata, hita ikiwa bado imewashwa, na waya wa ndani umechakaa. Plagi ichomolewe kabla mkono haujakaribia maji, ndoo iwe ya plastiki, na ikae mahali ambapo mtoto akianza kutambaa hafiki. Kwa Dar es Salaam, mtungi mweusi wenye mfuniko ukishinda juani toka asubuhi, jioni maji yake yanafaa kumwogesha mtoto bila hita yoyote. Hapo ndoo moja ya umeme imeondoka.

Nimeacha kwa makusudi jambo lililo kubwa kuliko ugomvi wenu wote. Zile uniti 75 za kundi la D1 zinahesabiwa kwa mita, wala haziangalii familia ngapi zimejibana nyuma yake. Anayebaki ndani ya 75 ananunua zote kwa 9,150. Ninyi ni familia nne kwenye mita moja, mnafika 192, basi TANESCO inawaona kama mteja mmoja mkubwa na kuwapa bei ya mteja mkubwa. Bibi mwenye taa mbili ananunua uniti kwa 356 wakati angeweza kuipata kwa 122. Hata mkigawana kwa haki namna gani, mtakuwa mnagawana bei ambayo hamkustahili kuilipa.

Watu watakushauri mita ndogo, ile sabmita, kila mlango na yake. Ni nzuri kwa kumaliza maneno, na si ghali. Kila mmoja anasoma namba zake mwisho wa mwezi. Lakini haibadilishi bei, kwa sababu mbele yake bado ipo LUKU moja. Ichukue kama dawa ya ugomvi tu.

Ninachokushauri ni mita ya pili ya LUKU, na ushirikiane na bibi. Uniti zako 60 na zake 5 ni 65, mko ndani ya 75. Kwa bei ya D1 mngelipa 7,930 kwa mwezi nyinyi wawili, ambapo sasa mnatoa 40,000. Kijana na wale wa kati watabaki na mita ya zamani, kila mmoja alipe alichotumia, na sabmita hapo zitawasaidia.

Gharama zipo, sikufichi. Kwa mujibu wa bei zilizoanza Januari 2022, kuunganishiwa umeme mjini ndani ya mita 30 bila nguzo ni shilingi 320,960, na juu yake kuna kazi ya fundi ya kutenganisha nyaya za vyumba vyenu na bibi. Uliza ofisi ya TANESCO ya eneo lako kama bei imebadilika kabla ya kutoa senti. Maombi hufanywa kupitia mfumo wao wa NIKONEKT au ofisini, na michoro isainiwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mpangaji hawezi kufanya haya bila mwenye nyumba, na wala usijaribu. Mita inabaki kuwa mali ya nyumba hata ukihama, kwa hiyo unaofaa kuilipia ni mfuko wa mwenye nyumba. Mwambie wewe uko tayari kutanguliza, naye akukate kwenye kodi kidogo kidogo, na yaandikwe na kusainiwa mbele ya mjumbe. Akikataa kukata kodi, usitoe hela yako. Ukilinganisha na mchango wako wa haki wa 21,400, ungechukua karibu miaka miwili kuirudisha, na nyumba ya kupanga haina uhakika wa miaka miwili.

Mita mpya ikifungwa, usidhani utaingia D1 siku hiyo hiyo. TANESCO huangalia wastani wa matumizi ya miezi kadhaa. Ukiona miezi imepita mko chini ya 75 na bado mnapata 28 kwa 10,000, nenda ofisini na namba ya mita uombe kubadilishiwa kundi. Na mkiwa D1, mjue kinachozidi 75 kinauzwa 350 kabla ya makato, bei kali kuliko hata ya sasa. Kwa hiyo barafu zikitoka sana kipindi cha joto, angalia uniti zako kila wiki.

Wakati huo huo mdai mwenye nyumba ile 1,500. Ni kodi ya jengo lake, LUKU ni njia ya kuikusanya tu. Kwa mwaka ni 18,000. Ipunguzwe kwenye kodi ya nyumba ya wapangaji wote wanne. Mita ya pili ikija, hakikisha haikatwi tena kwa jengo lile lile.

Sasa friji. Kwa kuwa ni la mtumba, anza na mpira wa mlango. Bana noti kwenye mlango, ufunge, halafu uivute. Ikitoka kirahisi, baridi inatoka hapo hapo mchana na usiku. Zungusha noti pande zote nne, mara nyingi ni kona moja tu ya chini iliyolegea. Mpira huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na ukiwa umekatika fundi anabadilisha. Barafu ikijijenga ukutani ikafika unene wa kidole, zima uyeyushe, usikwangue kwa kisu. Livute kutoka ukutani upana wa kiganja, ufute vumbi kwenye vile vyuma vya nyuma, na lisikae jirani na jiko wala dirisha lenye jua. Juisi ya ubuyu ukishaichemsha iache ipoe kabisa nje kabla hujaifunga kwenye vifuko. Pakia barafu zote za siku kwa mara moja jioni, maana mlango ukifunguliwa mara kumi na mtoto anayechungulia kama zimeganda, kompresa haipumziki. Ukifanya haya sitashangaa ile 45 ikishuka.

Mume wako umwonyeshe hesabu hii pia. Friji zima, pamoja na chakula chenu kinachohifadhiwa humo, linakula umeme wa kama shilingi 530 kwa siku kwa bei hii hii ya sasa. Barafu arobaini ni 4,000. Toa sukari, ubuyu, vifuko na umeme, bado kinabaki cha kumlisha mtoto na kuweka kikobani. Amani anayoitaka nami naitaka, lakini friji likiondoka leo, jiko la sahani na hita vitabaki, umeme utaisha tarehe ishirini na kitu kama kawaida, na watakuwa wamepoteza mtu wa kumlaumu. Mwombe aje nawe uani. Kikao cha kwanza walikaa bila wewe, hiki cha pili kiwe Jumapili, wote wanne mkiwepo, na mwenye nyumba apigiwe simu mapema ajue anaulizwa mambo mawili: mita ya pili, na ile 1,500. Mgawo wa mwezi ujao, kabla vipimo havijapatikana, pendekeza hivi: wewe 22,000, kijana 28,000, chumba cha kati 16,000, bibi 2,500. Hiyo ni 68,500, inanunua uniti zile zile 192, na 1,500 ya jengo ailete mwenye nyumba.